Chakula cha Nyumbani kwa Mshahara wa Mwezi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua nyumbani kwake, ijapokuwa ni mara chache tulizungumzapo hapa chamani: yaani, wapi na namna gani mtumishi wa mshahara aweza kupata mahindi, mchele na maharage ya kuweka akiba, kwa bei anayoimudu.

Kwanza tuangalie jinsi tununuavyo. Karani hulipwa kwa mwezi, lakini hununua kwa kilo, katika duka lililo karibu, jioni atokapo kazini. Katika kilo ile moja ya unga humlipa mkulima, dalali, mwenye lori, mfanyabiashara wa jumla, mwenye mashine na mwenye duka. Simlaumu hata mmoja wao, maana kila mtu amefanya kazi yake. Nasema tu kwamba sehemu ya kazi hiyo twaweza kuifanya wenyewe, na ujira wake ukabaki nyumbani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kwa mnunuzi, kibaba na kibaba humaliza mfuko.

Watu wengi huuliza, “Wapi pana bei nafuu?” Mimi naona yafaa tuulize kwanza, “Lini?” Katika mikoa ya Ruvuma, Njombe, Iringa, Mbeya, Songwe na Rukwa, ambako hutoka mahindi mengi ya nchi yetu, mavuno huanza yapata Mei na kuendelea hata Agosti. Wakati huo mkulima ana deni la kulipa na ghala lililojaa, kwa hiyo bei hushuka. Kuanzia Desemba hata Machi ghala hupungua, naye mkulima mwenyewe huenda akawa mnunuzi. Basi bei hupanda. Na hiyo ndiyo miezi ambayo mzazi anatakiwa sare, madaftari na mahitaji mengine ya shule, kwa maana mwaka wa masomo huanza Januari. Hivyo twanunua chakula kingi kwa bei ya juu wakati ule ule ambao fedha ni haba kuliko wakati wote.

Baada ya kujua lini, sasa twaweza kusema wapi. Kwa mahindi, liko soko la Kibaigwa katika wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Na kwa wanachama walio kusini, yako masoko ya Songea, Makambako na Sumbawanga. Mchele husifiwa wa Kyela, Mbarali, Kilombero na Kahama. Mtu wa Dar es Salaam asiyeweza kusafiri ana masoko ya nafaka ya Tandale na Tandika, ambako gunia zima hupatikana kwa bei ya jumla. Lakini asidanganywe na bei ya shambani peke yake. Aandike katika karatasi bei ya gunia, ushuru, kupakia na kupakua, nauli ya lori, mifuko ya kuhifadhia na ujira wa kusaga. Ajumlishe, kisha agawe kwa kilo. Jumla hiyo ndiyo bei ya kweli, nayo ndiyo ya kulinganisha na bei ya dukani ya mwezi Februari. Kazi ya hesabu ni kazi yetu ya kila siku. Haifai tuifanye kwa uangalifu ofisini na kuiacha tufikapo nyumbani.

Je, mtu anunue kiasi gani? Tuchukue mfano wa nyumba ambayo hutumia kilo moja na nusu ya mahindi kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 45. Hapana haja ya kuweka chakula cha mwaka mzima. Yatosha kuvuka miezi 6 ya ughali, tangu Novemba hata Aprili. Hizo ni kilo 270, yaani magunia 3 ya kilo 90. Magunia 3 hukaa katika pembe ya chumba, wala hayamfanyi mtu kuwa mlanguzi. Mlanguzi huficha chakula ili auze wakati wenzake wana njaa. Mwenye nyumba huweka chakula ili watoto wake wale. Serikali nayo ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, ambao hununua nafaka kwa wakulima na kuiweka kwa siku za upungufu.

Juu ya vipimo nina neno. Debe la lita 20 likijazwa mahindi na kufutwa juu huwa na kilo 15 hivi. Likirundikwa huweza kukaribia kilo 18. Basi anayenunua kwa debe hajui anunuacho mpaka aone mkono wa mpimaji. Tena iko desturi ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba. Wako wanaofurahia lumbesa kwa kuwa mnunuzi hupata zaidi; lakini ile ziada ni jasho la mkulima lisilolipwa, na sheria ya vipimo imeikataza. Sisi tutumiao kalamu na sheria hatuna udhuru. Tununue kwa mizani, tulipe kila kilo.

Sasa nafika kwenye sehemu iliyo nzito kuliko zote. Wazee walisema akiba haiozi. Lakini mahindi mabichi huoza, na kabla ya kuoza huweza kuua. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa kwetu, nako watu walipoteza maisha. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota katika nafaka yenye unyevu, nayo haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo bei nafuu ya mahindi yasiyokauka si nafuu hata kidogo.

Kipimo cha Afrika Mashariki chataka unyevu wa mahindi usizidi sehemu 13.5 katika 100. Asiye na chombo cha kupimia aweza kutumia chupa na chumvi. Tia chumvi iliyo kavu kabisa na mahindi katika chupa kavu, ifunge, itikise kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kioo, mahindi ni mabichi, yaacheni. Isiposhika, unyevu uko chini ya 15, na bado yafaa kuyaanika tena juu ya turubai kabla ya kuyafunga. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zichaguliwe na kutupwa. Wasipewe hata kuku.

Adui wa pili ni wadudu. Dumuzi, ambaye wengi humwita Scania, aliingia nchini kutoka Amerika na kujulikana kwanza huko Tabora, karibu na mwaka 1980. Naye aweza kugeuza gunia zima kuwa vumbi. Dawa iliyo rahisi ni mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia nje. Ikifungwa vizuri, wadudu hukosa hewa wakafa, bila kutia sumu katika chakula. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, mahali pasipovuja na pasipo panya. Na tuweke nafaka, si unga. Dona hasa huharibika mapema, basi tusage kidogo kidogo.

Najua swali lililo mioyoni mwenu: fedha za magunia 3 zitoke wapi kwa mara moja? Mtu peke yake zamshinda. Lakini akiweka bei ya nusu gunia kila mwezi, tangu Februari hata Julai, zatimia wakati wa mavuno. Na wanachama 20 wakifanya hivyo, mzigo wao ni magunia 60, yaani kilo 5,400, wa kutosha kukodi lori na kugawana nauli.

Jambo hili si geni. Mwaka 1844, mjini Rochdale katika Uingereza, watu 28, baadhi yao mafundi wa kufuma, walichanga fedha zao chache wakafungua duka la unga, siagi na sukari. Waliuza kwa fedha taslimu, kwa kipimo kamili, na bidhaa zisizochanganywa. Na ushirika wa nchi nyingi ulijifunza kwao. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu waliochoka kulipa bei kubwa kwa unga mbaya.

Kwa hiyo naleta shauri hili. Kila atakaye aandikishe jina na idadi ya magunia kwa Katibu kabla ya mwisho wa Januari. Fedha ziwekwe benki kwa saini za watu watatu. Wanunuzi wawe wawili, waende na mizani na chupa ya chumvi, wafungue kila gunia, na stakabadhi zao zibandikwe ubaoni zisomwe na wote. Asiwepo wa kukopeshwa, hata awe mkubwa wa Chama.

Sitawaahidi faida kubwa kila mwaka. Iko miaka ambayo mavuno ni mengi na bei ya Februari haipandi sana. Hata hivyo mwaka huo nyumba itakuwa imekula mahindi makavu na yaliyopimwa kwa haki, wala mama hatatumwa dukani kwa mkopo tarehe 20 ya mwezi. Nami naona hiyo peke yake yatosha kutufanya tuanze.