Kurefusha na Kufupisha Nota katika Nyimbo za Kanisa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na washarika siku ya Jubilei)



Siku hii ya furaha twamshukuru Mungu kwa nyimbo alizotupa. Nasi twataka kunena habari ya kazi moja ya mwenye kupanga sauti, ndiyo kurefusha na kufupisha nota.

Kurefusha ni hivi: nota ya pigo 1 yapewa mapigo 2, na ya mapigo 2 yapewa 4, zote vivyo hivyo, pasipo kuacha hata moja. Kufupisha ni kinyume chake: kila nota yapata nusu yake. Mwendo wa mapigo haubadiliki. Kwa hiyo tuni moja yaweza kusikiwa mara mbili kwa wakati mmoja, huku ndefu, huku fupi, nazo zikapatana, mtungaji akiangalia vema.

Johann Sebastian Bach, aliyeongoza muziki wa kanisa huko Leipzig tangu 1723 hata alipofariki 1750, aliacha kipande cha kinanda kikubwa, "Vor deinen Thron tret ich hiermit". Humo, kabla ya kila mstari wa wimbo, sauti tatu za chini zatangulia kwa nota fupi. Kisha sauti ya juu yauleta mstari wenyewe kwa nota ndefu. Zile fupi zamtengenezea njia mgeni mkubwa.

Nasi tulijaribu, tukakosa. Sikukuu moja tulifupisha nota katika sauti zote nne. Maneno yakasongamana, silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo katika Kiswahili hubeba mkazo, ikamezwa. Washarika, waliojua wimbo ule tangu utoto, wakanyamaza. Mama mmoja mzee akatuambia mlangoni, "Wanangu, leo mmetunyang'anya wimbo wetu." Neno hilo lilituchoma.

Tangu hapo twashika desturi hii. Nota ndefu twawapa washarika, tukiwatengea mahali pa kuvuta pumzi, maana mstari uliotosha pumzi moja sasa wataka mbili. Nota fupi twakiachia kinanda, au waimbaji wachache kwa neno jepesi kama Aleluya. Na kwa kuwa tuni iliyofupishwa yaisha upesi, twairudia mara ya pili.

Waalimu, msiuogope ufundi huu, wala msiupende kuliko watu. Mzee asiyejua kusoma akiusikia wimbo wake humo ndani, naye akaimba, basi kazi yenu ni njema. Bwana awabariki.