Swichi Inaponyamaza: Kutafuta Hitilafu za Usanidi katika Mfumo wa Kudhibiti Uingiaji Mtandaoni



Mifano yangu leo inatoka kwenye PacketFence, kwa kuwa ni programu huria na hakuna hapa atakayeshindwa kuisimika kwa sababu ya leseni, pamoja na swichi za Cisco Catalyst. Mwenye swichi za kampuni nyingine asiondoke. Amri zitatofautiana, lakini ugonjwa ni ule ule.

Kompyuta ikichomekwa waya inapiga hodi kwa itifaki ya 802.1X. Swichi ni bawabu: inapeleka jina la mgeni kwa seva ya RADIUS na kusubiri kuambiwa amfungulie au la, na akifunguliwa, akae VLAN ipi. Kwa hiyo mtumiaji akija na kilio cha "mtandao haushiki", mimi siendi kwanza kwenye kompyuta yake. Nauliza seva imejibu nini. Ama imekataa, ama imenyamaza, ama imekubali na mtu bado hapati kitu. Kukataa hakusumbui sana, maana logi ya seva huandika sababu. Kinachotukesha ni hayo mengine mawili.

Katika ofisi moja, ghorofa nzima iligoma huku ghorofa nyingine zikifanya kazi. Ping kutoka kwenye swichi ilifika kwenye seva bila shida. Nilipoteza karibu siku nzima nikiichokonoa seva isiyo na kosa. Jioni ndipo nilipowasha tcpdump na kutazama poti 1812: maombi yalikuwa yanafika, ila kutoka kwenye anwani ya IP ambayo sikuwa nimeisajili. Swichi ile ilikuwa na anwani mbili, moja ya usimamizi na nyingine ya VLAN ya watumiaji, nayo ikawa inatuma kwa hiyo ya pili. RADIUS haimjibu asiyekuwa kwenye orodha yake, inalitupa ombi tu. Mstari mmoja wa "ip radius source-interface" ulimaliza kazi.

Pacha wa tatizo hilo ni neno la siri la pamoja kati ya swichi na seva. Lizidi hata nafasi tupu moja iliyonakiliwa mwishoni, ombi la 802.1X litatupwa kimya kimya. Swichi haiambiwi kwamba imekosea. Inasubiri, inatuma tena, mwisho inatangaza kuwa seva imekufa. Ukiona tangazo hilo na seva unaiona iko hai, anza na anwani, kisha neno la siri, kabla hujagusa kitu kingine.

Sasa seva imekubali, lakini mtu hana mtandao. Pamoja na kukubali, seva hutaja namba ya VLAN. Kama VLAN hiyo haijaundwa kwenye swichi husika, logi ya seva itasema mgeni kakubaliwa na swichi itakataa kumpokea. Kama imeundwa lakini haikuruhusiwa kupita kwenye kiungo kinachokwenda swichi kuu, mgeni ataingia na kukosa anwani, na Windows itajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254.

Msikimbilie kulaumu kiungo kila mkiona 169.254. Printa na kompyuta zisizojua 802.1X hutambuliwa kwa anwani ya MAC, lakini swichi hujaribu 802.1X kwanza. Kwa usanidi wa kiwandani, Catalyst nyingi husubiri sekunde 30, na hufanya hivyo mara tatu. Hizo ni sekunde 90. Windows huomba anwani kwa takriban dakika moja, ikakata tamaa, na hurudi kujaribu baada ya dakika kama tano. Mlango unafunguliwa, mgeni ameshageuka. Mimi hushusha "dot1x timeout tx-period" hadi 10, subira yote ikawa nusu dakika.

Hitilafu ya mwisho ndiyo inayoaibisha mbele ya wageni. Mtu anajisajili kwenye ukurasa wa usajili wa PacketFence, anaambiwa tayari, lakini anabaki kwenye VLAN ya usajili. Seva inapotaka kumhamisha hutuma amri kwa swichi, na kwa kawaida PacketFence huituma kwenye poti 3799, ile iliyotajwa katika RFC 5176 ya mwaka 2008. Cisco, isipoelekezwa, husikiliza 1700. Mtumiaji akikuambia "nikichomoa waya nikachomeka tena inakubali", ameshakutajia kosa. Kaandike "port 3799" chini ya "aaa server radius dynamic-author", na uhakikishe anwani ya seva na neno lake la siri vipo hapo pia.

Kuna dawa ya mtaani tunayoijua sote: kumwondolea udhibiti kwenye poti mkubwa anayelalamika sana, "kwa muda tu". Nimekuta poti za namna hiyo zilizosahaulika mpaka mkubwa mwenyewe amestaafu. Mkilazimika kufanya hivyo, andikeni kwenye maelezo ya poti tarehe na jina la aliyeagiza.

Kwenye meza ya nyuma kuna swichi nne. Nimeziharibu makusudi, kila moja kwa kosa lake. Gawaneni makundi, na kila kundi lianze kwa kuniambia seva imejibu nini, kabla halijaandika amri yoyote.