Rangi ya Buluu Mpakani mwa Maji na Mafuta

Maji ya kufulia yanayomwagwa Milimani, mtaa ulio kwenye miteremko ya Menengai, hayana njia nyingi za kwenda. Nakuru imeinamia Ziwa Nakuru, na mitambo miwili ya kusafisha majitaka ya jiji huelekeza maji yake huko huko. Ziwa lenyewe halina mto unaotoka. Maji hupaa kwa mvuke. Chumvi zake hubaki.

Basi mtu atajuaje kama maji yana sabuni ya unga hata baada ya povu kutoweka? Mhadhara huu unajibu kwa rangi moja, methilini buluu, iliyotengenezwa na Mjerumani Heinrich Caro mwaka 1876. Hospitalini ni rangi ya siku nyingi: mwaka 1891 Paul Guttmann na Paul Ehrlich waliijaribu kutibu malaria jijini Berlin, na hadi leo imo ndani ya Giemsa, rangi inayotumiwa maabarani kusaka vimelea kwenye tone la damu.

Molekuli yake ina pete tatu zilizoshikana, nayo imebeba chaji chanya. Hapo ndipo mvutano unapoanza. Pete huelekea mafuta, chaji hung'ang'ania maji, na ndiyo maana baadhi ya molekuli za namna hii husongamana mpakani, pale maji yanapokutana na kimiminika cha jamii ya mafuta. Kuvuka ni kazi nyingine. Maji yenye rangi hii yakitikiswa pamoja na klorofomu, klorofomu hushuka chini kwa uzito wake, ikiwa karibu haina rangi kabisa.

Ongeza sabuni ya unga kidogo. Molekuli yake ina mkia mrefu, mara nyingi wa kaboni kama 12, na kichwa chenye chaji hasi. Chanya na hasi zikikutana, chaji hufutana, na jozi hiyo haina tena sababu ya kubaki majini. Maji hudhoofisha mvuto kati ya chaji mara 80 hivi. Klorofomu haifikishi mara 5. Kwa hiyo jozi ikishavuka hushikana imara zaidi.

Fundi wa maabara hutikisa faneli ya kutenganishia, hufungua koki kidogo ili mvuke utoke, kisha husubiri. Tabaka la chini, lililokuwa angavu, sasa ni la buluu. Kadiri sabuni ilivyo nyingi ndivyo buluu inavyokolea, na mashine huipima kwa mwanga wa nanomita 652. Ni jambo la kupendeza sana: kitu kisichoonekana kimeonekana kwa sababu rangi imevuka mpaka.

Ziwa Nakuru, hata hivyo, huivuruga hesabu hii. Maji yake ni ya magadi, yenye pH ya karibu 10, na ukali huo huiharibu rangi usipopunguzwa kwanza kwa asidi. Isitoshe, yana kloridi nyingi. Kloridi nayo ina chaji hasi, na ingawa haina mkia, wingi wake huweza kushusha rangi kidogo na kuonyesha sabuni isiyokuwepo. Dawa yake ni kuiosha klorofomu kwa maji safi: jozi nyingi za kloridi huachana, rangi hurudi majini, na zile za sabuni hubaki.

Ndiyo sababu mahali pa kuchota sampuli si ziwani, bali kwenye mitambo ya majitaka, kabla maji hayajagusa magadi. Hadi miaka ya 1960 sabuni nyingi za Ulaya na Marekani zilikuwa na mikia yenye matawi, bakteria wakashindwa kuila, na mito ikajaa povu. Mikia iliyonyooka ya siku hizi huliwa, mradi bakteria wapate hewa na muda. Chupa moja ichotwe majitaka yanapoingia na nyingine yanapotoka. Tofauti ya buluu hizo mbili itaonyesha sabuni kiasi gani imeondolewa njiani, na ile ya pili itaonyesha kiasi gani bado inaelekea ziwani.