Yesu ni Nani Kwako?



Usharika unaotimiza miaka mia moja una mengi ya kumshukuru Mungu: watoto waliobatizwa, ndoa zilizobarikiwa, wazee waliolala katika imani. Lakini liko jambo ambalo hakuna mzazi awezaye kumrithisha mwanawe. Kule Kaisaria Filipi Bwana aliwauliza wanafunzi wake, watu humnena kuwa nani. Walipokwisha kutaja maneno ya watu, akawataka wao wenyewe wajibu.

Ujiji inamkumbuka mtu aliyekaa na swali hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipowasili, mmoja wa waliotoka mbio kumlaki alikuwa Abdullah Susi, Mwislamu, mtumishi wa David Livingstone. Kwa miaka mingi Susi alisafiri na bwana wake na kuishi karibu na sala zake. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na mwenzake James Chuma waliwaongoza wenzao kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Chuma alikuwa amekwisha kubatizwa India mwaka 1865. Susi alikuwa bado. Alibatizwa mwaka 1886 katika misheni ya UMCA, akaitwa David, miaka 13 baada ya Livingstone kufariki.

Yafaa kulitafakari jambo hilo. Susi aliweza kumbeba mmisionari mabegani, lakini imani ya mmisionari haikuweza kusimama mahali pa imani yake. Rafiki yake alitangulia, naye hakuhesabiwa kwa jina la rafiki. Siku ilipofika, alijibu mwenyewe.

Kanisa la Kilutheri hubatiza watoto wachanga kwa kuwa neema ya Mungu hutangulia. Hata hivyo, Martin Luther alipoifafanua Imani katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliiweka katika kinywa cha mtu mmoja anayesema juu ya Bwana wake mwenyewe. Ndiyo maana ya kipaimara. Wala jibu hilo si tunda la akili tu, kwani Petro aliambiwa kwamba alifunuliwa na Baba.

Hapa Kigoma na Ujiji, jirani Mwislamu anamheshimu Nabii Isa, mwana wa Mariamu, naye aweza kuieleza imani yake kwa utulivu. Akimwuliza kijana wa Usharika Yesu ni nani kwake, haitoshi kijana kusema kwamba babu yake alikuwa mzee wa kanisa. Jirani anastahili jibu la kweli, lenye adabu na upendo, kutoka kwa mtu anayemjua Yule anayemshuhudia.

Basi wazazi na wafundishe, wachungaji na wahubiri, kisha kila mmoja ajibu kwa kinywa chake. Mungu aubariki Usharika huu. Amina.