Ruzuku ya Kuhama: Funzo Kutoka Visiwa Vilivyoacha Mafuta ya Kupashia Nyumba Joto

Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi kuhusu ruzuku za nishati ya majumbani. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wote.



Mada niliyotakiwa kuizungumzia ni ruzuku ambazo baadhi ya serikali hutoa ili wananchi waache mafuta na watumie nishati jadidifu katika kupasha nyumba zao joto. Natambua kwamba wapo miongoni mwenu wanaojiuliza: sisi watu wa Unguja na Pemba, ambao hatujapata kuwasha moto kwa ajili ya baridi, jambo hili linatuhusu nini?

Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya mifano iliyo bora ya ruzuku hizo imetoka visiwani, mahali ambapo mafuta huja kwa meli na bei yake hupangwa na watu wengine. Pili, joto la nyumba kwa wenzetu wa kaskazini ni kama moto wa jiko kwetu. Hakuna kaya inayoweza kukaa bila ya kitu hicho, na mwenye kipato kidogo ndiye anayeumia zaidi kinapopanda bei.

Hali ya Iceland kabla ya mwaka 1973

Iceland ni nchi ya kisiwa iliyo kaskazini ya mbali, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 103,000 na watu wasiofikia 400,000. Nyumba za huko huhitaji kupashwa joto kwa sehemu kubwa ya mwaka. Chini ya ardhi yake mna maji ya moto yatokanayo na jotoardhi, na wenyeji waliyajua tangu zamani. Wanawake wa Reykjavík walikuwa wakienda kufulia nguo kwenye chemchemi zake. Mwaka 1930 maji hayo yalipelekwa mjini kwa bomba la urefu wa kilomita zipatazo tatu, yakapasha joto skuli, hospitali, bwawa la kuogelea na makumi ya nyumba.

Lakini kujua kuwa mali ipo ni jambo moja, na kuitoa ardhini ni jambo jingine. Hata ilipofika mwaka 1970, takriban nusu ya wananchi wa Iceland walikuwa bado wakipasha nyumba zao joto kwa mafuta yaliyoagizwa kutoka nje. Kikwazo kilikuwa ni kisima. Kuchimba kisima kirefu kunagharimu fedha nyingi, na hapana mtaalamu awezaye kuapa kwamba maji ya moto yatapatikana. Mji mdogo unaokopa fedha, ukachimba na ukakosa, hubaki na deni na shimo kavu. Kwa hivyo miji mingi midogo iliendelea na mafuta kwa sababu haikuwa na uwezo wa kubahatisha.

Ndipo ikaja vita ya Mashariki ya Kati ya Oktoba 1973. Katika muda wa miezi michache bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne. Nchi iliyolala juu ya maji ya moto ikajikuta inatumia fedha zake za kigeni kununulia moto.

Ruzuku mbili zisizofanana

Serikali ya Iceland ilifanya mambo mawili, nami naomba tuyapambanue kwa makini, kwani hapo ndipo lilipo funzo lenyewe.

Jambo la kwanza, ilitoa ruzuku kwa kaya zilizokuwa zikitumia mafuta ili zisielemewe na bei. Hiyo ilikuwa huruma ya lazima. Lakini ruzuku ya aina hiyo huungua pamoja na mafuta yenyewe. Kila mwaka fedha hutoka, na mwaka unaofuata haja hubaki ile ile.

Jambo la pili, iliutumia Mfuko wa Nishati, ulioundwa mwaka 1967, kuikopesha miji na vijiji fedha za kutafutia na kuchimbia maji ya moto. Sharti lake lilikuwa la hekima. Kisima kikifanikiwa, mkopo hulipwa. Kisima kikitoka kavu, mkopo hugeuzwa kuwa ruzuku na mji husamehewa deni. Kwa maneno mengine, Serikali ilijitwika ile hofu iliyowazuia wananchi kujaribu, na haikuwalipia wananchi gharama za joto milele.

Matokeo yake yanaonekana. Leo nyumba zipatazo tisa katika kila kumi nchini Iceland hupata joto kutokana na jotoardhi, na sehemu kubwa ya zilizobaki hutumia umeme unaozalishwa kwa nguvu za maji na jotoardhi. Mafuta ya kupashia nyumba joto yamebaki kuwa kitu cha pembezoni.

Wale waliokuwa mbali na bomba

Ndugu wananchi, wahenga wetu walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sehemu kadhaa za Iceland hazikujaaliwa maji ya moto karibu na makaazi. Wakaazi wake hupasha nyumba joto kwa umeme, na gharama yao ni kubwa kuliko ya mtu wa Reykjavík. Serikali haikuwaambia kwamba hiyo ni bahati yao. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, gharama zao hupunguzwa kwa ruzuku ya Hazina.

Aidha, sheria hiyo iliwafungulia mlango wa kutoka. Mahali panapojengwa mfumo mpya wa maji ya moto, ruzuku ambayo ingelipwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa hutolewa kwa pamoja ili isaidie ujenzi. Vile vile mwenye nyumba anayefunga pampu ya joto anaweza kusaidiwa. Pampu hiyo hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa: huchukua joto lililomo katika hewa, ardhi au maji ya bahari na kuliingiza ndani, na kwa kipimo kimoja cha umeme huweza kutoa vipimo viwili, vitatu au zaidi vya joto. Katika kisiwa cha Heimaey, ambako mlima wa moto ulilipuka Januari 1973 na kuwalazimisha karibu watu wote kuhama, joto la lava iliyokuwa ikipoa lilitumika kupashia nyumba kwa miaka kadhaa. Lava ilipopoa, umeme ulichukua nafasi yake, na katika miaka ya karibuni mji huo umejengewa pampu kubwa zinazovuta joto kutoka maji ya bahari.

Mfano wa Samsø

Mtu anaweza kusema: Iceland ina jotoardhi, sisi je? Basi tutazame Samsø, kisiwa kidogo cha Denmark chenye wakaazi wasiozidi 4,000 ambacho hakina maji ya moto chini ya ardhi. Mwaka 1997 kilichaguliwa na Serikali ya Denmark kuonyesha kwamba kisiwa kinaweza kujitegemea kwa nishati jadidifu ndani ya miaka kumi. Vilijengwa vituo vya joto vinavyochoma mabua ya nafaka ya mashamba ya pale pale na vipande vya mbao, na maji ya moto yakasambazwa kwa mabomba hadi majumbani. Walio nje ya vijiji walisaidiwa kuweka mitambo ya jua, pampu za joto au majiko ya kuni yaliyo bora. Ruzuku ya Serikali ilibeba sehemu tu ya gharama. Wakaazi wenyewe walikaa vikaoni kwa muda mrefu, wakachangia fedha zao na wakawa wamiliki. Mabomba hayakulazwa mpaka wenyeji wa kutosha walipokubali kujiunga.

Mipaka ya mafanikio hayo

Si haki kueleza mazuri peke yake. Februari 2024 lava katika rasi ya Reykjanes ilikata bomba la maji ya moto, na zaidi ya watu 20,000 wakabaki bila ya joto katikati ya majira ya baridi. Mfumo mmoja unaowahudumia wote ni wa bei nafuu, lakini ukikatika huwaangusha wote. Wakaazi wa Unguja hawahitaji kuambiwa jambo hilo. Tangu mwaka 1980 kisiwa chetu kimepata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari, na katika mwaka 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulikaa gizani huku tukisubiri matengenezo.

Yanayotuhusu sisi

Kwetu joto la nyumbani ni la jikoni: kuni, makumbi na mkaa. Gharama yake iko katika miti inayokatwa na katika vifua vya mama zetu wanaopuliza moto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na Tanzania Bara imewahi kuuza mitungi ya gesi kwa nusu ya bei. Hiyo ni hatua njema, lakini tuipime kwa kipimo tulichojifunza. Mtungi wa kwanza ni mlango tu. Atakayeshindwa kuujaza mara ya pili atarejea kwenye mkaa. Na gesi yenyewe, ingawa haina moshi, nayo huja kwa meli.

Kwa hivyo, ndugu watumishi wenzangu, kila tunapoletewa mpango wa ruzuku ya nishati kwa ajili ya kuutolea maoni, napendekeza tujiulize maswali manne:

1. Je, fedha hizi zinamhamisha mwananchi, au zinamlipia kubaki pale pale?

2. Je, hofu iliyomzuia asihame ni ipi, na Serikali inaibeba?

3. Je, asiyefikiwa na bomba, waya au duka la gesi, mathalan mkaazi wa visiwa vidogo, amepangiwa nini?

4. Je, wananchi wameshirikishwa katika shehia zao kabla ya kununuliwa vifaa, au wataarifiwa baadaye?

Mpango unaoyajibu maswali hayo unastahili fedha za umma, hata ukiwa mdogo. Usioyajibu, hata ukiwa na sherehe kubwa ya uzinduzi, utaturejesha Hazina mwaka unaofuata kuomba fedha zile zile kwa haja ile ile.