Ugomvi wa nyumba na kashoti
Maneno tuliyowaambia wanachama waliorudi kutoka Tanzania



Tangu tuanze kupita vijijini, jambo moja linatufuata: mtu na bibi yake wanagombana, kesho yake mmoja yuko kashoti. Mara nyingi ni mahari. Walioana kambini Nyarugusu, ng'ombe hazikutimia, na sasa wakwe wanadai hapa nyumbani. Wanakwenda polisi, polisi nayo inamwita mkwe.

Deni la mahari ni deni. Linaamuliwa na wazee wa familia, ao na Tribunali ya Amani. Congo iliingia 1976 katika mapatano ya mataifa yanayokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano.

Kuna linalotuuma zaidi: kijana amekimbia, wanashika mama yake. Hapana! Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema hakuna anayeshikwa kwa tendo la mwingine. Kifungu cha 18: ukishikwa, uambiwe mara moja sababu, katika luga unayoelewa, uachwe ujulishe jamaa ao avoka, na masaa 48 yakiisha, uachiliwe ama upelekwe parke. Kifungu cha 19 kinakupa avoka hata kule kwa OPJ. Basi jamaa waandike saa mtu alipoingia. Wengi wanakumbuka siku tu.

Lakini tusidanganyane. Kupiga bibi si "ugomvi wa nyumba". Ni kosa, na aliyepigwa ana haki ya kushitaki. Hatutamwambia apite kwanza kwa wazee. Uzinzi nao uko katika sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, ila anayeshitaki ni mume ao mke mwenyewe, si shemeji wala jirani.

Ukipata konvokasio, usikimbie. Nenda na mtu. Usitie sahihi karatasi usiyosoma. Kama hujui kusoma, omba usomewe. Wakitaka pesa, omba risiti. Kuna wanaoikumbuka sheria palepale!

Marafiki mnaochanga, pesa yenu inasaidia hasa nauli ya avoka, maana yale masaa 48 hayangoji pikipiki.

Na kila mwenye karatasi ya mahari iliyoandikwa kambini, hata iliyochakaa, atuletee. Tutaitoa nakala mbili: moja yake, moja ibaki ofisini.