Senema na Kazi ya Polisi
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa walimu na wazee)

Tumeombwa kusema habari za senema zionyeshazo kazi ya polisi. Si zile za kutungwa, ambazo mwivi hukamatwa kabla watazamaji hawajainuka vitini, bali zile za kweli, ambazo mpiga picha hukaa na askari siku nyingi akiwatazama wafanyavyo.

Sisi tulioshika kalamu ya ukarani twajua jambo moja. Karatasi ya ushahidi huandikwa, "Aliulizwa, akajibu." Haisemi aliulizwa kwa sauti gani, wala kama alikuwa akilia. Jalada huwa safi, na mkubwa hutia sahihi.

Basi sikilizeni yaliyotokea Uingereza. Bwana Roger Graef, mzaliwa wa Marekani, na mwenziwe Charles Stewart, walipewa ruhusa kupiga picha kazi ya polisi wa Thames Valley. Desturi ya Graef ilikuwa hii: taa haziongezwi, mpiga picha haulizi neno, wala mtu haambiwi arudie tendo ili lionekane vizuri. Picha hizo zilionyeshwa na BBC mwaka wa 1982.

Sehemu moja ilionyesha mwanamke aliyefika kituoni Reading kushtaki kwamba amenajisiwa. Wapelelezi watatu, wote wanaume, wakamhoji. Hawakumpiga, la, walimkatiza maneno, wakamkemea, wakamwambia habari yake haiaminiki. Na walijua kabisa kwamba wanapigwa picha! Mbona hawakuona haya? Twadhani ni kwa sababu kwao ilikuwa desturi ya kazi, na mtu haoni haya kwa desturi yake. Jalada peke yake lisingalimwonyesha mtu yeyote jambo hili.

Watu walighadhibika nchi nzima, hata Bungeni yakasemwa. Mwaka wa 1983 serikali ikawapa polisi maagizo mapya juu ya kuwahoji wenye mashtaka ya namna hiyo, na askari wanawake wakazidi kufundishwa kazi hiyo.

Hata hivyo kamera ina hatari yake. Mwezi wa Mei 2010, mjini Detroit, Marekani, askari waliivamia nyumba usiku wakimtafuta mtu aliyeshukiwa kuua, na wapiga picha wa kipindi cha televisheni kiitwacho The First 48 walifuatana nao. Risasi ya askari ikamwua mtoto wa kike wa miaka 7. Watu wakauliza: ukali ule ulikuwa kwa ajili ya upelelezi, au kwa ajili ya watazamaji?

Kwetu sisi, tangu tulipopata habari ya Reading, huandika pembeni mwa karatasi, "Hapa alilia." Mkubwa mmoja alituuliza maana yake, tukamweleza; akalisoma jalada tena tangu mwanzo.

Sasa twangoja maswali yenu, na kwanza ya akina mama.